Bafu la chaki uchochoroni

Saa mbili asubuhi, Fernand Quesnel anaoga katikati ya uchochoro akiwa amevaa koti na kofia ya sufu.

Maji hakuna. Ukuta hakuna. Kuna mistari ya chaki tu juu ya lami, ambayo bado ina unyevu wa theluji iliyoyeyuka juzi. Mstatili ule ni choo, duara lile ni sinki, na pale palipoachwa wazi ni mlango. Mzee huyu wa miaka sabini na nane anainua mkono hewani, anafungua bomba lisilokuwepo, kisha anasimama akisubiri maji yapate moto.

"Kwapa, Fernand!" anapiga kelele jirani mmoja kutoka ngazi za ghorofa ya pili, kikombe cha kahawa mkononi. "Umeruka kwapa!"

"Nenda ndani kwako, watu tunaoga hapa!"

Balkoni tatu zinacheka kwa pamoja. Si kila siku mtaa wa Hochelaga hupata burudani ya namna hii kabla ya kifungua kinywa, na baada ya baridi ya miezi mitano hapa Montreal, watu wangeshangilia hata paka akipita.

Asiyecheka ni mwanamke mfupi aliyechuchumaa kando, kipande cha chaki ya buluu mkononi. Macho yake yako kwenye miguu ya mzee. Anaitwa Guylaine Arsenault, fundi wa mabafu, na hivi ndivyo anavyofanya kazi. Kabla hajavunja kigae kimoja nyumbani kwa mtu, huchora bafu jipya chini kwa ukubwa wake halisi, kisha humwomba mwenye nyumba aingie na kuishi humo asubuhi moja.

"Mtu ukimkalisha mezani na kalamu, atakuchorea bafu la kwenye majarida," anasema. "Ukimwingiza kwenye chaki, mwili unaanza kusema. Unamwona ananyoosha mkono kutafuta taulo mahali pasipo na kitu. Basi taulo hukaa hapohapo. Mimi sijui chochote, mkono wake ndio unajua."

Wakati wa baridi huchora sebuleni kwa utepe wa gundi. Ila ikifika Aprili hukimbilia uchochoroni, kwa sababu nafasi ni kubwa na mwanga ni mzuri. Siku hiyo mwanga ulikuwa wa kijivujivu na laini, nguo za kwanza za masika zikining'inia kwenye kamba juu ya vichwa vyetu. Ukimtazama mzee yule akijifuta kwa taulo la hewa, ulianza kuyaona maji. Nakiri kwamba mimi, niliyekuja kuandika tu habari zake, nilirudi nyuma kidogo nisilowe.

Guylaine ana miaka hamsini na sita. Ufundi aliufundishwa na mjomba wake, mtu mwenye mkono safi kabisa wa vigae. Mjomba huyo ndiye aliyemtengenezea dada yake, mama yake Guylaine, bafu lililosifiwa na ukoo mzima. Kasoro ilikuwa moja. Mlango ulifunguka kwa ndani na kugonga magoti ya aliyekaa chooni.

"Mama hakusema kitu mpaka anakufa, kwa kumheshimu kaka yake. Alikuwa anakaa upande, hivi." Guylaine anageuza magoti kushoto kunionyesha. "Nilikuja kushtuka siku ya mazishi. Wageni wote waliotoka chooni walikuwa wanalalamika goti."

Hapo ndipo alipoanza na chaki. Kwa mwaka hutengeneza mabafu kumi na mawili hivi, na akishatoa gharama za vifaa, gari na bima, hubaki na dola kama elfu arobaini. Si utajiri, na magoti yake mwenyewe yameanza kumsema. Kila akiinuka kutoka chini humtukana mtakatifu mmoja kwa jina, kisha humwomba radhi.

Kazi ya akina Quesnel haikuwa kubwa kwa macho. Ni nyumba ya chini kwenye jengo la ghorofa tatu, na bafu lake ni jembamba na refu, lenye hodhi zito la chuma la kuogea, lililoletwa kabla Fernand hajaoa. Januari mkewe, Huguette, alipata kiharusi. Tangu hapo alikuwa kwenye kituo cha mazoezi, akijifunza upya kusema na kushika kijiko. Kituo kilieleza wazi: akipata bafu la kuingia na kiti cha magurudumu, atarudi nyumbani mwisho wa Mei. Asipopata, nafasi yake iko kwenye makao ya wazee, ng'ambo ya mto.

Kila mtu alijua la kufanya. Hodhi liondoke, bomba la mvua liwekwe bila kizingiti, na mlango uwe wa kusukuma pembeni. Mtaalamu wa kituo alikuja mwenyewe na futi yake, akapima, akasema inawezekana kabisa. Mafundi wawili walikuja na michoro mizuri, na Fernand akawarudisha wote wawili.

"Mchoro wa kwanza alisema haupendi. Nikamuuliza hupendi nini, akasema hajui," alinisimulia binti yake, Chantale, anayefanya kazi kwenye duka la dawa. "Wa pili hivyohivyo. Aprili hiyo inaingia! Mwisho nikamtolea uvivu. Nikamwambia, baba, sema tu kama humtaki mama nyumbani."

"Akasemaje?"

"Alivaa koti akatoka. Tulikaa siku kadhaa bila kusemeshana."

Chantale ndiye aliyemtafuta Guylaine, kwa kusikia tu kwamba kuna fundi mmoja wa ajabuajabu anayeogesha watu barabarani.

Sasa Fernand amemaliza kuoga. Guylaine anainuka (mtakatifu wa leo ni Yosefu), anaburuta kiti cha ofisini chenye magurudumu na kumwelekeza Chantale akae.

"Wewe sasa ndiye mama. Usimsaidie. Na wewe, mzee wangu, sahau kituo, sahau kiharusi. Fanya asubuhi ya kawaida, kama mlivyozoea nyinyi wawili."

"Nyie mnapenda kuchezea wazee," Fernand ananung'unika, lakini anakishika kiti. Anakisukuma kupita mlango wa chaki, anakigeuza polepole, anakisogeza mpaka sinki. Anatafuta kitu kwenye rafu ya hewa, nadhani kitana, na kukiweka mkononi mwa binti yake. Chantale anaanza kujichana nywele taratibu.

Halafu Fernand anarudi nyuma hatua moja bila kutazama, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na anakaa.

Anakaa juu ya hewa, na kishindo kinasikika mpaka kona ya uchochoro.

"Amepiga mbizi!" anacheka yule jirani wa kahawa, kisha anauona uso wa mzee na kuweka kikombe chini.

Chantale alisharuka kutoka kwenye kiti. Guylaine hakumwinua mzee. Alipiga magoti kwenye lami mbele yake.

"Umeumia?"

"Makalio tu. Yana kinga ya kutosha."

"Hapo ulipokaa, kwenye bafu la zamani pana nini?"

Mzee alikung'uta mikono. "Ukingo wa hodhi."

"Unakaa hapo kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Mkifanya nini?"

Fernand alizitazama balkoni, akamtazama binti yake, akashusha sauti kama anayekiri kosa.

"Tunasimuliana ndoto."

Ilianza watoto wakiwa wadogo. Huguette alikuwa akiwahi kiwanda cha biskuti, Fernand aliendesha gari la manispaa la kuzoa theluji, na nyumba nzima ilikuwa na mlango mmoja tu wenye komeo, wa bafuni. Humo walipata dakika zao chache. Mke alichana nywele mbele ya kioo, mume alikaa ukingoni mwa hodhi, na kila mmoja alisema alichoota. Watoto walikua, wakaondoka, na komeo likaharibika. Wao waliendelea.

"Zangu hazina maana," Fernand alisema. "Mimi nazoa theluji. Nimestaafu miaka yote hii, bado usiku nazoa theluji. Lakini Huguette! Huguette ana farasi."

"Farasi gani, baba?" Chantale aliuliza.

"Mweupe. Anaingia jikoni, anafungua friji kwa mdomo, anasimama pale akiangalia. Hali kitu. Mwaka mwingine haji kabisa, mwaka mwingine anakuja kila wiki. Siku moja alikuja na viatu vya theluji." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Daktari aliniambia kuhusu mguu. Akaniambia kuhusu mkono, na maneno. Kuhusu farasi hakuniambia, na mimi niliona haya kumuuliza."

"Si ungemuuliza mama mwenyewe kule kituoni?"

"Kule kuna watu wanne na televisheni, mwanangu. Ndoto haisimuliwi mbele ya televisheni."

Chantale aliketi chini kwenye lami karibu naye, ndani kabisa ya choo cha chaki, akaegemeza kichwa kwenye bega la koti lile.

"Miaka yote hiyo mnajifungia humo," alisema, "sisi tulijua mnagombana."

"Mngejuaje? Na ningewaambiaje mafundi? Kwamba nataka hodhi la kukalia, si la kuogea? Wangeniita chizi."

Niliandika kidogo sana asubuhi ile. Nilipotazama juu, yule jirani wa kahawa alikuwa akifuta macho kwa mkono wa sweta.

Guylaine ndiye aliyerudi kazini. Alifuta mistari kwa kiatu, akachora upya, akafuta tena. Kiti cha Fernand kukalia kingemeza nafasi ya kugeuzia magurudumu. Aliposogeza sinki, choo kikazibwa, na bomba la maji taka lililo chini ya choo halihamishiki bila kupasua sakafu nzima. Alizunguka bafu lake kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mwisho alisimama nje ya mstari wa ukuta.

"Hapa nyuma pana nini?"

"Korido," alisema Chantale. "Kabati la mashuka la mama."

"Mashuka yataenda kulala kwingine."

Akachora kishubaka kirefu kilichoingia ukutani, ndani ya lile kabati, na humo kiti cha vigae. Kimo chake ni sawa na kiti cha magurudumu, ili macho ya wawili yakutane. Fernand alijaribu kwa kreti la maziwa. Alikaa, akainuka, akakaa tena.

"Kipunguze upana," aliamua. "Na usiniwekee mto. Nikikaa vizuri sana nitasinzia nisisikie mwisho."

Kazi ilichukua karibu Mei yote. Siku ya kuvunja hodhi kwa nyundo, Fernand alitoka mapema kwenda kula hot dogi kwenye kibanda cha kona, akarudi nyundo ziliponyamaza. Vigae alichagua mwenyewe, vyeupe visivyong'aa sana. Guylaine hakumuuliza sababu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, Huguette analetwa kwa majaribio. Mtaalamu wa kituo anatembea nyuma na karatasi zake, akikagua kila kishikio na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nywele za Huguette ni fupi sasa. Maneno humtoka moja moja, na mengine huyatafuta kwa mkono wa kushoto, kana kwamba yako mezani.

Anasukumwa ndani. Kiti kinageuka bila kugusa kitu. Anashika bomba, anagusa kioo, anaangalia mahali palipokuwa na hodhi. Uso unaanza kumbadilika. Anatazama sakafu ile wazi kwa muda mrefu, kisha anamtafuta mumewe.

"Na wewe," anasema. Anapumua. "Uta... kaa wapi?"

Fernand anapita upande wa mlango, anarudi nyuma hatua moja bila kutazama, na anakaa. Kishubaka kinampokea. Magoti yao yanagusana.

Guylaine anamshika mtaalamu mkono, anamvuta Chantale kwa mwingine, na kuwatoa wote hadi kwenye korido. Anausukuma mlango, nao unajifunga kwa sauti ndogo sana.

Tunasimama hapo kati ya marundo ya mashuka ambayo bado hayajapata kwao. Namuuliza Guylaine kwa sauti ya chini ana mpango gani baada ya hapa.

"Vigae niwaachie wenye magoti," ananong'ona. "Nataka nibaki na chaki tu. Nizunguke kwenye nyumba za watu kama hawa, waliorudi kutoka hospitali, nichore, niwaangalie. Halafu fundi mwingine ajenge." Anajichekea. "Sijui kama kuna mtu atalipia chaki."

"Mimi nitalipia," anasema mtaalamu, naye ananong'ona. "Nina wagonjwa orodha nzima."

Guylaine anataka kujibu, lakini Chantale anainua kidole. Nyuma ya mlango, sauti ya Huguette imeanza. Neno, kimya, neno, kimya kirefu zaidi. Hatusikii anachosema, na hatupaswi kusikia.

Kisha tunamsikia Fernand.

"Jikoni kule kituoni?" anasema. "Alipitaje getini?" Na baada ya kitambo, kwa sauti ya mtu aliyekaa vizuri kupita alivyotarajia: "Haya, mke wangu. Anza mwanzo."