Panzi wa dada Apolonia, niliyemng'oa miguu

Kamwene wakuu.

Mimi ni bibi, shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mnivumilie mwandiko. Haya yamenikaa rohoni tangu kabla ya uhuru. Chumvi sijatia hata punje.

Miaka ya hamsini, kwetu Kilolo milimani, alikuja Mzungu na lori kutoka Mbeya, anakusanya wadudu. Tulimwita Bwana Chupa, maana kila alichokamata alitia chupani. Mpishi wake, Mzee Kasiani wa Kihesa, ndiye alikuwa anatafsiri.

Dada yangu Apolonia akawaambia kuna panzi anaimba juu kule kwenye mianzi. Ni jamaa ya senene, lakini sauti yake kama mtu anayenoa kisu taratibu.

Bwana Chupa macho yakamtoka. Akasema aletewe dume. Akiwa wa aina mpya, atampa jina la huyu binti, liandikwe kitabuni lisifutike.

Wakuu, binti wa kwetu enzi hizo jina lake liliandikwa mara moja tu, siku ya ubatizo.

Apolonia alitangaza nyumba kwa nyumba. Shangazi Veneranda akamtania, "Haya mama panzi, ukizaa watoto watarukaruka!"

Siku ya tatu akampata. Kijani, mgongo mwekundu kama udongo wetu, sharubu ndefu kupita mwili. Akamfunika kwenye kibuyu jikoni, akaenda mtoni kunawa matope.

Nikaingia mimi, nina miaka minane, sina habari ya lolote. Kwetu senene akifika jikoni kazi ya mtoto inajulikana. Ng'oa mabawa, ng'oa miguu, tupa motoni, mwili uweke chunguni. Ukichelewa mama anakucharaza.

Nikang'oa.

"Yustina, wa kwenye kibuyu yuko wapi?"

"Nimeshamtengeneza, dada." Tena nilisema kwa kujisifu.

Hakunipiga. Bora angenipiga. Alikifunga kile kiwiliwili kwenye jani akampelekea Mzee Kasiani.

Mzee akatazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii ni mboga. Bwana anahesabu miiba ya miguu, anapima bawa analoimbia. Bila hivyo hawezi kumwandika. Na keshokutwa tunaondoka."

Apolonia akarudi mianzini. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Alishuka mikono mitupu, anatetemeka, na lori lilikuwa limeshapita. Kikamshika kichomi. Jumapili tukamzika.

Miaka ilipita, Mzee Kasiani akatuambia Bwana Chupa alimpata panzi yuleyule mlima mwingine, akampa jina la mkewe. Mke mwenyewe Iringa hakuwahi kuikanyaga.

Mama alikufa hajui ni nani aliyeng'oa. Apolonia hakumwambia, na mimi sikuthubutu.

Sasa mianzi ile imekatwa, ni misonobari mitupu. Nimepita, hakuna kinachoimba. Msalaba wa dada ulikuwa wa mti, mchwa wameula pamoja na jina.

Nilichojifunza ni kidogo: kazi unayoijua sana, uliza kabla hujaigusa.

Sitaki pole, wakuu. Anayesoma hapa, chini aandike tu Apolonia. Nataka nilione limeandikwa na mkono usio wangu.