Masila Alivyomtoa Shemeji Yake

Umeshawahi kuona mkwe akinyimwa chakula kwa sababu ya kidole kimoja?

Basi sikia yaliyompata Masila.

Masila alikuwa ampaya, yaani mwamuzi, wa kriketi, mtu wetu wa Machakos. Mchezo wenyewe aliujulia Athi River, kwa timu ya wafanyakazi wa kiwanda. Kucheza hakujua sana, lakini macho alikuwa nayo. Pole pole akapanda, mpaka akawa anaitwa kusimamia mechi Harare, Sharjah, Dhaka.

Watu walidhani ni raha.

Raha gani? Kusimama juani kutwa, kutukanwa kwa lugha tatu, halafu ulale hotelini peke yako miguu ikiwaka.

Mwaka wa 1998 kukawa na mechi ya kuchagua timu ya taifa. Masila akapangwa kuisimamia. Mmoja wa wachezaji alikuwa Festus, ndugu mdogo wa bibi yake, Kalekye.

Akaomba abadilishwe.

"Hakuna mwingine," wakubwa wakamwambia.

Festus hakukaa sana uwanjani. Mpira ulimgonga mguuni, mbele kabisa ya vijiti alivyokuwa akilinda. Masila akanyoosha kidole. Kwa kriketi, hiyo ni kwaheri.

Festus hakuchaguliwa.

Jumapili, Masila na Kalekye wakaenda Katelembo kwa mama mkwe, Wayua. Mama akapakulia kila mtu muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Masila akarukwa.

"Wewe umeshakula kazi ya mtoto wangu," Wayua akasema. "Umeshiba."

Wueh!

Masila akatoka. Kalekye akainuka, akamfuata bwanake. Hakurudi kwa mama yake tena. Miaka ikaenda hivyo, hadi Wayua akafa.

Baada ya mazishi, Festus akawaita Masila na Kalekye kando.

"Shemeji, kabla ya ile mechi kocha alikuwa ashaniambia siendi. Hata ningepiga mpira siku nzima, singeenda. Niliona haya kumwambia mwaitu, mama yetu."

Masila akashusha pumzi. Alikuwa ametoka safari juzi tu, na uchovu wake haukuwa wa ndege.

"Najua, Festus. Hata mimi kocha aliniambia asubuhi ile. Nikaona afadhali unichukie mimi, kuliko usikie kwangu kwamba hukutosha."

Festus akaanza kulia. Masila akamshika bega. Alidhani yameisha.

"Ulijua?"

Ni Kalekye.

"Nyinyi wawili mlijua. Na mimi nimemzika mama yangu bila kumsalimia."

 

Mwezi huo Masila aliacha uampaya. Watu wakasema ni magoti.

Siku hizi wanaenda Katelembo pamoja kupalilia kaburi. Masila anashika jembe. Kalekye ndiye huongea, tena kwa sauti.

Lakini anaongea na mama yake.

Ndugu yangu, ukificha ukweli ili usimuumize mmoja, angalia kwanza ni nani mwingine anaumia.