Aliyeniambia Dawa ya Presha Inakula Mifupa

Ndugu zangu mnaosubiri kupimwa presha, naitwa Mwalimu Paskalina, wa Mjimwema. Mdomo wangu umepinda, kwa hiyo nitasema polepole. Mkiona nina hasira, ni kweli ninayo.

Nilikuwa mzima. Nilifundisha darasa la tatu na kuongoza kwaya parokiani, sauti ya kwanza. Kisha kichwa kikaanza kugonga kisogoni. Daktari akanikuta na presha kubwa, akaniandikia dawa iitwayo nifedipini. Nikapata nafuu, ila miguu ilivimba na uso ukawaka moto. Magoti nayo yaliuma.

Miaka ile watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua maduka ya dawa. Pale Majengo alikuwepo Zakaria. Alivaa koti jeupe, tukamwita daktari. Nikamweleza habari ya magoti. Akachukua pakiti yangu, akasoma karatasi ya ndani.

"Mwalimu, hii inazuia kalsiamu. Imeandikwa hapa. Utumbo haufyonzi tena. Mifupa yako itakuwa kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi."

"Sasa nifanyeje?"

"Iache. Meza hivi vya kalsiamu."

Akaniuzia vidonge vyeupe, vikubwa kama vifungo vya koti. Nikaacha dawa yangu. Miguu ikanywea. Nikamsifu hadi kanisani.

Wiki ya sita nilikuwa ubaoni, naandika hesabu za kugawanya. Chaki ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Nikataka kusema "nyamazeni", yakatoka mate. Watoto wakacheka. Nilipoanguka na mkojo ukanitoka mbele yao, wakaacha kucheka.

Hospitalini nilisikia kila kitu ila sikuweza kujibu. Binti yangu Tekla alimwonyesha daktari vidonge vya Zakaria.

"Nani alimwachisha dawa?" daktari akauliza.

"Wa dukani, Majengo. Alisema inazuia kalsiamu isiingie mwilini."

Daktari akavuta kiti. "Ameshika neno moja akaacha mengine. Kwenye kuta za mishipa ya damu kuna milango midogo ya kupitisha kalsiamu. Ikiingia nyingi, mishipa inakaza na presha inapanda. Dawa inafunga milango hiyo, mishipa inalegea. Utumbo una njia zake nyingine. Wapo wanaosema huenda ufyonzaji ukapungua kidogo, na bado wanabishana. Lakini kwa hilo mtu hula dagaa wa Nyasa na maziwa. Haachi dawa. Na uvimbe wa miguu angeniambia mimi, ningebadilisha."

Nikalia kwa jicho moja. Jingine halikujua kulia.

Miezi minne Tekla alinilisha uji kwa kijiko, akanigeuza nisipate vidonda. Kila siku alinikalisha kama mtoto wa darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Mimi, mwalimu! Neno la kwanza lililotoka safi lilikuwa "Zakaria". Tekla akaogopa. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kwa sababu ya Zakaria nilijifunza kutembea. Wengine walifanya mazoezi hadi mlangoni, mimi nilikwenda Majengo na fimbo yangu. Nikaketi kwenye benchi la duka lake. Wanafunzi wangu wa zamani walipita: "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Usinunue hapa. Niangalie mdomo."

Zakaria akatoka. "Mwalimu, unaniharibia biashara."

"Nipe sauti yangu, nitaondoka."

Nilikaa pale msimu mzima wa mvua. Kisha nikamwandikia barua bwana afya kwa mkono wa kushoto. Wakaguzi walikuja, wakakuta hana cheti chochote. Alikuwa mtunza stoo ya mbolea. Duka likafungwa. Nikasikia amehamia Namasakata na anauza tena dawa. Nikatuma barua na huko.

Padri akaniambia, "Paskalina, msamehe."

"Nitamsamehe, Padri, akishaacha."

Mwaka jana Zakaria alikuja kwangu, amekonda, kofia mkononi. "Mwalimu, naomba msamaha."

"Ile dawa uliyoniachisha inaitwaje?"

Akaangalia chini. Hakuikumbuka. Mimi nimeikumbuka kila asubuhi. Nikafunga mlango.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru Tekla aliyeahirisha ndoa yake kwa ajili yangu. Siimbi tena, lakini nasema. Nanyi dawa ikiwasumbua, rudini hapahapa mseme. Na mtu yeyote akikwambia uiache, mwulize inaitwaje, inafanya nini mwilini, na yeye atakuwa wapi siku utakapoanguka.