Fundi cherehani wa Uluguru na mabibi wanaopunguza uzito kwa kuimba kwenye simu

Mvua ya usiku imekatika, na migomba ya kijiji cha Lukwembe bado inadondosha maji wakati Kristina Anselmi anakaza kitenge kiunoni, anafanya ishara ya msalaba na kuanza kupanda mlima huku akiimba.

Simu ameishika mbele ya mdomo, kidole gumba kimebana alama ya kurekodi. Anaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, mguu mmoja ukitafuta jiwe, mwingine ukiteleza kidogo kwenye udongo mwekundu. Neno la mwisho linatoka likiwa jembamba, lakini linatoka. Anaachia kidole na wimbo unaondoka.

"Hiyo ndiyo pumzi yangu ya leo, mabibi," anasema katika ujumbe wa pili. "Aliyesikia nimekatikia wapi aniambie."

Jibu linafika kabla hajavuka mfereji. Ni Bi Asia Abeid, mwenye miaka 66, anayeishi ng'ambo ya bonde. "Hujakatikia popote, fundi. Ila beti umechanganya. Wewe panda tu."

Kristina anacheka, anairudisha simu kwenye pindo la kitenge na kuendelea. Ana miaka 57. Leo, Jumamosi ya kwanza ya Machi, anatakiwa awe amesimama kwenye shamba la juu, lililolimwa na marehemu mama yake, wakati mjomba wake anapopita kulikagua. Asipokutwa, shamba linarudi kwenye ukoo na kupewa mtu mwingine.

Kwa Waluguru, ardhi ya ukoo, au lukolo kama wanavyoita wenyewe, hupita upande wa mama. Kristina alilipata shamba hilo kwa mama yake, na baada yake ni la binti yake Upendo, anayefanya kazi kwenye duka la vifaa vya kuandikia huko Mzumbe. Lakini kwa misimu mitatu shamba lilikaa na magugu, kwa sababu mwenyewe hakuweza kulifikia.

"Mjomba Tomasi hakunitukana," anasema Kristina. "Alikuja mpaka kwenye cherehani, akanywa chai, akaniambia ardhi haisubiri magoti ya mtu. Akasema masika haya atapita. Akinikuta juu, sawa. Akikuta magugu, au akimkuta mume wangu peke yake, basi."

Mumewe, Petro, amelifyeka shamba hilo wiki nzima iliyopita. Lakini Petro si wa ukoo ule, na jasho lake haliwezi kushika ardhi ya wakwe. Anayetakiwa kuonekana ni Kristina.

Kristina alianza kushona akiwa msichana, enzi ambazo kitambaa kilipatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika. Mtu aliyepata doti moja ya kitenge aliibeba kwa fundi kama anabeba mtoto mchanga. Baadaye biashara ikafunguliwa. Mitumba ikapanda mlima, vitambaa vikajaa, na watu wakaacha kushonesha nguo mpya. Leo riziki yake ni marekebisho: zipu, suruali za shule, magauni ya mtumba yanayohitaji kuongezwa upana. Siku nzuri hupata kama shilingi elfu saba. Siku mbaya ni zipu moja.

Mitumba haikuja peke yake. Ilikuja na mafuta ya kupima kwenye vikombe, sukari ya kila siku, soda, chapati za asubuhi na, mwisho wa yote, bodaboda.

"Zamani kwenda mnadani ni kushuka na kupanda, na ndoo kichwani," anasema. "Sasa unapiga simu, pikipiki inakuja mlangoni. Mimi kutwa nimekaa, jioni nabebwa. Ningekosaje kunenepa?"

Anasema aliuona unene wa kijiji kabla zahanati haijauona. Mteja alileta gauni lile lile kila mwaka. Mwaka wa kwanza Kristina aliachia mshono wa ubavuni, mwaka wa pili akaachia uliobaki, wa tatu kitambaa kikawa kimekwisha. Alifanya hivyo kwa magauni ya wenzake na kwa yake mwenyewe, bila kusema neno.

"Fundi ana siri kama padri," anasema. "Nitamwambiaje mtu mzima kwamba kiuno chake kimekimbia?"

Aliyesema ni muuguzi Faraja, wa zahanati ya bondeni. Mwaka juzi Kristina alishuka kwa bodaboda kutafuta dawa ya magoti. Alipimwa presha, ikawa juu. Akapandishwa kwenye mizani, ikasoma kilo 96.

"Nilimwambia, mama, dawa za presha nitakupa na usiziache," anakumbuka Faraja. "Lakini magoti yako yamebeba mzigo ambao hujautua hata ukilala. Yeye akaniambia, 'Basi nifundishe kuutua.'"

Upendo alikuwa amempelekea mama yake simu ya kupangusa aliyoinunua kwenye stendi ya Msamvu, ili waonane sura. Kristina akaitumia kufungua kundi. Aliwaingiza wateja wake wa makamo na wazee, mmoja mmoja, akiwaomba ruhusa kwanza. Jina la kundi ni Kiuno cha Zamani. Leo lina wanawake 34 wa vitongoji vya mteremko huu, Wakristo kwa Waislamu. Faraja hujibu maswali yao kila Jumatano.

Kwa nini simu, wakati wanaishi mlima mmoja? Kristina analishangaa swali hilo. "Tungekutana wapi, mwanangu? Wote tunaumwa magoti, na kati yangu na Asia kuna bonde. Angekuwa na uwezo wa kuja kwangu kila wiki, asingehitaji kundi."

Mizani hawana, na wengi wasingekubali kupanda juu yake. Kristina alitumia alichokuwa nacho: vipimo vya wateja wake. Kwa kila mwanachama alikata utepe wa kitambaa uliozunguka kiuno chake ncha kwa ncha, akampelekea kwa bodaboda. Mtu akiuzungusha na ncha zikapishana, amepungua. Zikiachana, anajua mwenyewe, na hakuna aliyeona.

Mwanzo ulikuwa mgumu kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Faraja aliomba kila mwanachama apige picha ya chakula chake cha jioni. Picha zikaja, nzuri kupita kiasi: tonge dogo la ugali, mlima wa mchicha, kipande cha samaki. Wiki ya pili muuguzi akaona ajabu. Wanawake watatu, wa vitongoji vitatu, walikuwa wamekula kwenye sahani moja ya bati yenye ukingo wa bluu uliobanduka mahali palepale.

Aliyekiri ni Bi Asia, kwa sauti, mbele ya kundi zima. "Sahani ni ya Mama Ignas wa humu humu kundini. Alinitumia picha, nami nikaituma mbele. Chakula changu mimi kilikuwa kwenye sinia na wajukuu. Nitapigaje picha ya sinia? Nani atajua tonge langu ni lipi?"

Hapo ukweli ukatoka kama maji. Karibu wote walikula sinia moja na wajukuu, na karibu wote ndio waliomalizia kilichobaki. "Chakula cha mtoto kinatupwaje?" aliuliza mmoja. Wengine walikuwa wakipakua sahani ya picha, wakiipiga, kisha wakirudisha chakula sufuriani.

Faraja hakukasirika. Aliwaomba wapakue chao kwanza, pembeni, na masalio ya watoto yapewe kuku. Mafuta yapimwe kwa kijiko, chai ipungue sukari. Lakini picha zilikufa siku ile, na kundi likahitaji kitu kingine cha kuwaonyesha kwamba wanasonga mbele.

Wazo lilitoka kwa Bi Asia huyo huyo. Alisema kusoma si wote wanajua, lakini kuimba wote wanajua. Kila mtu apande njia ya nyuma ya nyumba yake huku akiimba, ajirekodi, na wenzake wasikilize anaishiwa pumzi wapi. Wakristo wakaimba nyimbo zao, Waislamu kaswida zao.

"Pumzi haiwezi kuazimwa kama sahani," anasema Kristina, kisha anajisahihisha. "Mama Ignas alijaribu. Aliimba beti tatu bila kupumua, tukampongeza, mpaka Asia akamwambia, 'Bibi, huo mlima wako una sufuria inachemka.' Alikuwa amekaa jikoni."

Tangu hapo kundi lilishika moto. Asubuhi simu huanza kuita kabla majogoo hawajamaliza kuwika. Wanatambuana kwa pumzi. Mwenye kikohozi huambiwa apumzike, mwenye kifua kubana huambiwa asimame na aende zahanati. Aliyefiwa huimbiwa na wenzake. Kristina anaamini Mungu huzisikia nyimbo zote, hata zile ambazo bando limezikatiza katikati.

Nje ya kundi maneno hayakukosekana. Hapa mwanamke mnene ni mwanamke aliyetunzwa. Alipoanza kupungua, mteja mmoja alimuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mwingine alimuuliza Petro kama nyumbani wanakula.

"Mimi nikamjibu," anasema Petro, "tunakula, ila nilioa mzigo mzima, sasa wenzake wananipunguzia robo robo."

Kristina sasa ana kilo 81. Presha yake imeshuka, ingawa bado anameza dawa kama alivyoagizwa.

Njia inakuwa kali zaidi mahali wanapopaita Ngazi, kwa kuwa mizizi na mawe yamejipanga kama vipandio. Hapa mtandao hukatika. Kristina anaitazama simu yake iliyonyamaza, kisha anaitazama Ngazi.

"Mwaka juzi niliishia hapa," anasema. "Nilikaa kwenye jiwe lile nikalia. Petro alinishika mikono miwili tukashuka kinyumenyume."

Mvua nyepesi inaanza. Anashika mzizi na kujivuta. Anasimama, anafumba macho, midomo inacheza kwa sala, kisha anaanza kuimba tena, ingawa hakuna wa kumtumia. Wimbo unakatika katikati. Anasubiri, anauokota pale ulipodondokea, anapanda vipandio vingine. Unakatika tena. Safari hii anasubiri muda mrefu zaidi, kiganja kimeegemea mwamba unaovuja maji.

"Mama alipanda hapa na mimi mgongoni," anasema, kama anajiambia mwenyewe. Anainua mguu.

Alipotokea juu, kwenye ukingo wa shamba, kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini. Palepale simu ikaanza kutetemeka, ikatetemeka tena, na tena, kwa kuwa juu kuna mtandao mzuri kuliko kijijini. Ujumbe wote uliokwama wakati yuko Ngazi ulikuwa unaingia kwa pamoja. Akabonyeza wa kwanza, akairudisha simu kiunoni, na sauti zikafuatana zenyewe: Bi Asia na kaswida yake, Mama Ignas akihema kwelikweli, wengine wakiimba huku mbuzi wakilia nyuma yao.

Mjomba Tomasi alikuwa ameshafika. Alikaa juu ya gogo, panga likiwa limelala mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekujaje?"

"Kwa miguu, mjomba."

Mzee akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala zilizojaa tope. "Na hao wanaoimba kiunoni mwako?"

"Ni wenzangu. Magoti yao ni kama yangu, ndiyo maana wameimba huko huko makwao."

Mjomba Tomasi akasikiliza mpaka wimbo ulipoisha. "Dada yangu naye alikuwa akiimba hapa," akasema. "Ila hakuwa na watu wengi hivyo."

Kristina akachukua jembe ambalo Petro aliliacha juu tangu jana, akafungua mstari wa kwanza, akatoa maharage kwenye fundo la kitenge na kuyadondosha mawili mawili. Mzee akazunguka mpaka wa shamba, akigusa masale, mimea iliyopandwa kuonyesha mwisho wake, akikata matawi yaliyoyaelemea. Aliporudi, mistari mitatu ilikuwa imefukiwa.

"Shamba lina mwenyewe," akasema. "Nitawaambia ukoo. Ila palizi nitakuja tena."

"Karibu, mjomba. Utanikuta."

Ni baada tu ya mzee kutoweka kwenye ukungu ndipo Kristina alipokaa chini, akafunika uso kwa viganja vyote viwili na kumshukuru Mungu kwa Kiluguru, kwa muda mrefu.

Sasa mipango inamtoka haraka kuliko anavyoweza kuisema. Pasaka atampandisha Upendo amwonyeshe masale yote, moja baada ya jingine, kwa kuwa shamba litakuwa lake. Upande wa juu ataweka magimbi. Na kuna jambo moja kubwa kuliko hayo. Wanawake 34 wa Kiuno cha Zamani hawajawahi kuonana wote mahali pamoja. Anataka wavune naye maharage haya, kila mmoja akipanda kutoka upande wake, pole pole, hata kama itachukua siku nzima.

Analisema hilo kwenye simu akiwa amesimama katikati ya mistari yake, na majibu hayachelewi. La kwanza ni la Bi Asia.

"Mimi nakuja, nimeanza leo mazoezi ya mlima wako. Lakini siku hiyo maharage yapikwe na tui zito, na Faraja asiambiwe."

Linalofuata ni la Faraja, ambaye naye yumo kundini. Anasema amesikia, na kwamba nazi ataileta yeye mwenyewe, moja tu.