Aliyechaguliwa Kumsemea

Tangu waoane, mke, mshona nguo, ndiye aliyemshonea mumewe kila shati. Mume, mpaka rangi wa majumba, alikuwa na bega moja lililoshuka kwa kubeba ngazi, na mkewe pekee ndiye aliyejua kulificha kwa mkato wa mkasi. Safari hii alileta hospitali shati lenye mkono uliopasuliwa na kutiwa vifungo, ili mrija wa dawa upite bila kumsumbua mgonjwa.

Kiharusi kilikuwa kimemlaza hoi, hasemi, hajitambui, anahema kwa shida. Daktari alitaka kujua kama awekewe mashine ya kupumulia. Mke akafungua kinywa ajibu. Daktari akamwomba radhi, akamgeukia Ngazi.

Ngazi ni jina la utani la rafiki yao mrefu mwembamba aliyekuwa akimshikia mumewe ngazi kazini. Chakula cha jioni alikula kwao, na utani wake haukubadilika: shemeji amchukue mume, yeye aachiwe sufuria.

Daktari akaeleza. Mwaka uliopita, baada ya kiharusi cha kwanza, mgonjwa, akiwa na akili timamu, alikuja na rafiki yake, akatia sahihi kwamba siku akishindwa kujisemea, Ngazi ndiye amsemee.

Mwaka mzima wawili hao walikula mezani kwake, wakacheka, wakanawa mikono, na hakuna aliyemdokeza mke.

"Kwa nini si mimi?" akauliza.

Ngazi akainamisha kichwa. Akasema kwa taabu kwamba mwenzake hakutaka mashine, na alijua mkewe asingeweza kuikataa. "Alisema utamng'ang'ania, shemeji. Hata akiwa hayupo tena, utamng'ang'ania tu."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomchoma. Lakini wangemwambia basi, alie, agombe, wanuniane wiki nzima, kisha akubali. Hata hilo walimnyima.

"Sema neno, shemeji," Ngazi akamsihi. "Nisaidie."

"Uliambiwa wewe. Sema wewe."

Ngazi akajifuta uso kwa kiganja chenye madoa ya rangi. "Asiwekewe," akamwambia daktari.

Akanyoosha mkono amshike shemeji yake. Mke akajitoa, akarudi kitandani, akaanza kumvika mumewe lile shati, kifungo kimoja kimoja. Bega lilikaa sawasawa. Akabaki akimtazama usoni, kama mtu anayetazama chumba cha mpangaji aliyehama bila kuaga.