Akiwa Bado Anaweza Kuitikia

Marehemu dada yangu Romana alikuwa nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi hapa Mpanda, tangu alipomaliza chuo mpaka moyo wake mwenyewe ulipotanuka. Kwetu ni Litapunga, watu wa jembe, na yeye ndiye aliyetangulia kuvaa gauni jeupe la unesi.

Wagonjwa wake wengi hawakuwa na fahamu. Aliwasemesha hivyo hivyo: "Baba, nakugeuza ubavu. Vumilia kidogo." Alisema masikio ndiyo yanayokufa mwisho.

Lakini mjini alijulikana kwa jambo jingine. Akiona mgonjwa harudi, alitoka mlangoni akawaambia ndugu, "Mwiteni padre akiwa bado anaweza kuitikia." Waislamu aliwaambia waingie wamsomee shahada. Wengine walimchukia. Kwetu kuitiwa padre ni kama kupimiwa sanda, ndiyo maana watu huchelewa, na mara nyingi padre hukuta maiti.

Seleman, muuza mchele sokoni, alimtania: "Nesi, umefuata mchele au umekuja kuniambia nimwite shehe?"

"Wewe bado sana. Huko hawakutaki mpaka urekebishe huo mzani wako."

Mwaka huu, masika, alilazwa katika chumba kilekile, kitanda cha dirishani, alichowatandikia wengine miaka yote. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi ni ya kuvuta kwa mashine. Akasogeza barakoa ya oksijeni.

"Mama, mwiteni padre."

"Padre wa nini? Nani kakwambia unakufa?"

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wenzako."

"Hao walikuwa wa watu. Wewe ni wangu. Padre hakanyagi hapa."

Nilimsihi Mama mpaka jioni. Akanionyesha rozari yake: "Hii inatosha, Damiano. Nyie mnataka kumzika akiwa hai."

Asubuhi Romana hakuongea tena. Jeniffer, nesi mwenzake, alitoka akasimama pale mlangoni alipozoea kusimama dada. Alifungua mdomo, akaishia kujifuta machozi kwa mkono wa gauni. Mama alimtazama, kisha akajifunga kitenge vizuri.

"Damiano, niitie bodaboda."

Alikwenda mwenyewe. Parokiani akaambiwa Padre Felisiani yuko kigangoni, kanisa dogo la kijijini, akamfuata hukohuko kwenye matope. Walipofika, Romana alikuwa bado anapumua, macho ameyafumba. Padre alimpaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Akafika mahali pa kuitikia, akasubiri. Ikasikika mashine tu.

Mama aliinama sikioni kwake. "Nakuitikia mimi, mwanangu. Vumilia kidogo." Kisha akasema, "Amina."

Romana alifariki mchana uleule. Bwana ampokee.

Mama huniuliza kila siku kama alisikia. Namjibu kwamba alisikia, kwa sababu Romana mwenyewe alisema masikio ndiyo ya mwisho. Kesho yake ananiuliza tena.