Milango Iliyokazwa Juu ya Sakafu ya Karafuu

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa miezi michache baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimesoma chuo cha Kurani mpaka fiqhi, yaani sheria za dini, na sikuwa nimewahi kushika spana. Karakana yetu ya magari ya serikali ilikuwa pembezoni mwa Mji Mkongwe, upande wa Malindi. Fundi Mkuu, Mzee Vuai, mtu wa Nungwi, aliipokea shikamoo yangu kwa marahaba fupi, kisha akanigeuza viganja.

“Hivi viganja vya kushikia msahafu,” alisema. “Tutaona kama vitashika nyundo bila ya kuitia aibu.”

Vipuri vilikuwa adimu miaka ile. Gari moja la jipu lilizaliwa kutokana na mizoga mitatu: chesisi, yaani uti wa mgongo wa chuma, kutoka hapa, milango kutoka kule, boneti kutoka kwengine. Kuunganisha bodi ya namna hiyo kuna utaratibu wake. Chesisi hukalishwa juu ya vigogo vinne, ikapimwa kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Hufuata ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na abiria, kisha milango, kisha madigadi, na boneti huwa ya mwisho. Bolti zote hushikizwa kwa vidole tu. Mwanya kati ya mlango na nguzo yake hupimwa kwa kupitisha kalamu ya risasi juu, katikati na chini. Ikikwama pahali pamoja, huongezwa au hupunguzwa washa, vile vipete vya bati, kwenye bawaba. Bodi ikishakubaliana yote ndipo spana inaporuhusiwa kukaza. Anayekaza mapema hukaza kosa.

Baada ya miaka minne tulihamishiwa shamba, njia ya Tunguu, katika ghala la zamani la karafuu. Mbele yake palikuwa na sakafu pana ya saruji iliyokuwa ikianikiwa karafuu, nasi tukaifanya uwanja wa kazi. Ilikuwa laini kama ubao wa chuoni.

Hapo tulipata Msimamizi mpya, kijana mwenye haraka, aliyeamini kwamba kila ucheleweshaji una mtu nyuma yake. Alituamrisha tumalize jipu la wakunga wa kaskazini kabla ya wageni kuja kulipokea. Siku nne kabla ya makabidhiano, Mzee Vuai alifiwa na dada yake. Alinikabidhi kazi akiwa ameshika kanzu yake mkononi.

“Kabla hujakaza, pima vigogo kwa mpira wa maji. Pembe zote nne. Umesikia?”

“Naam, nimesikia.”

Mpira huo, ambao maji yake husimama usawa mmoja katika ncha zote mbili, ulikuwa umeazimwa na waashi. Kuufuata kungenipotezea asubuhi nzima, na Msimamizi alikuwa akipita kila saa. Nilikata vigogo vinne vya urefu mmoja, nikavipanga juu ya sakafu ile laini, nikaikalisha chesisi. Nilipitisha kalamu, ikapita kila mahali. Nikakaza.

Mimi nimezaliwa na kukulia mjini. Sikujua lile analolijua kila mtoto wa shamba, kwamba sakafu ya karafuu hujengwa na mgongo: katikati imenyanyuka, pembe zimelala, ili mvua ikinyesha maji yasituame. Kigogo changu kimoja kilikuwa mteremkoni. Injini ilipokaa, chesisi ilijipinda kuufuata mteremko ule, nami nikaifunga bodi juu ya upinde huo.

Siku ya makabidhiano jipu liliteremshwa barabarani, kwenye usawa wa kweli. Chesisi ikajinyoosha. Mkunga mkubwa alipotaka kuingia, mlango haukufunguka. Dereva alivuta mpaka kitasa kikamng’okea mkononi.

“Bibie, ruka dirishani!” mtu mmoja alipiga kelele, na wageni wakacheka. Msimamizi hakucheka.

“Nani aliyeifunga bodi hii?”

Mzee Vuai alikuwa amerudi asubuhi ile ile. Alinitazama, akasubiri. Nilitazama chini. Hatimaye alijibu, “Karakana ni yangu, bwana. Mimi ndiye Fundi Mkuu.”

“Basi hii ni hujuma.”

Msomaji wa leo hawezi kulipima neno hilo. Miaka ile lilitosha kumpoteza mtu. Mzee Vuai alihojiwa siku tatu, akarudishwa kwao bila ya kazi, na jina hilo la mhujumu likabaki juu yake. Mimi nilifanywa Kaimu Fundi Mkuu.

Mpishi wa karakana, aliyechezea juu ya sakafu ile utotoni, ndiye aliyenifahamisha habari ya mgongo wake. “Mtoto wa mjini,” aliniambia, “karafuu unaijua kwenye pilau tu.”

Mwaka uliofuata nilikwenda Nungwi. Nilimkuta Mzee Vuai barazani kwake akinoa tezo ya kuchongea mbao.

“Mimi ndiye niliyekaza bila ya kupima,” nilisema. “Nnaomba unisamehe.”

“Nnajua kuwa ni wewe. Kosa la vigogo nshakusamehe; hakuna fundi asiyekosea. Lakini jina langu haliko kwako, liko kwa Msimamizi. Nenda kamwambie. Ukirudi, tutakunywa kahawa.”

Sikwenda. Nilijiambia nina mke, nina mtoto anayenyonya.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baada ya sala ya jeneza, kaka yake alisimama akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze pia. Alikariri mara mbili. Nilikuwa safu ya nyuma, nimeshika kofia yangu kwa mikono miwili. Kisha jeneza likanyanyuliwa.

Nimestaafu nikiwa Fundi Mkuu. Nimewafundisha vijana wengi kwamba bodi iliyofungwa vibaya haipigwi nyundo. Hulegezwa nati moja moja mpaka irudi pale ilipopotoka, hata kama ni kazi ya wiki nzima. Wananishukuru kwa hilo. Wakinipita barazani huniita Fundi Mkuu, nami huitikia.